Teke Lile Lilimpata Nani? Somo kutoka Sinema Fupi za Mtaani

Ukitaja sinema za vichekesho darasani, wengi wetu tunaziona kama kitu cha kupotezea muda tu. Hebu leo tuzichukue kama somo.

Juni 1905, mjini Pittsburgh, Marekani, Harry Davis na John Harris walifungua ukumbi mdogo wa sinema wenye kiingilio cha senti tano, wakauita Nickelodeon. Haikupita miaka mingi, kumbi za namna hiyo zikawa maelfu, nyingi zikiwa ni vyumba vya maduka tu vilivyopangwa viti. Wateja wakubwa walikuwa wafanyakazi na wahamiaji, na wengi wao Kiingereza kilikuwa kinawapiga chenga.

Walifuata nini humo? Kwanza, ufupi. Filamu ya rili moja ilikwenda kama dakika 10 hadi 15. Mtu ametoka kazini amechoka, anaingia, anacheka, anakwenda zake. Pili, filamu zilikuwa bubu. Mtu akiteleza akaanguka, nani anahitaji kamusi?

Tatu, na hapa ndipo penye uzito: nani alikuwa anachekwa? Studio ya Keystone, aliyoianzisha Mack Sennett mwaka 1912, iliwaonyesha polisi kama wababaishaji watupu. Mwaka 1917 Charlie Chaplin akatoa The Immigrant. Meli inakaribia New York, Sanamu ya Uhuru inaonekana, na papo hapo abiria wanazungushiwa kamba kama mifugo. Chaplin anamtandika ofisa teke la makalio. Sasa fikiria ukumbi uliojaa watu waliopita njia hiyohiyo! Kila mmoja alikuwa na ofisa wake moyoni, na kicheko cha jirani kilimwambia kwamba hakuwa peke yake.

Lakini tusizipambe kupita kiasi. Vichekesho vingi vya enzi hizo viliwadhihaki watu weusi, na wahamiaji pia. Kwa hiyo kicheko cha pamoja si kizuri kwa kuwa ni cha pamoja tu. Kipimo ni hiki: teke linapanda juu kwa mwenye nguvu, au linashuka kwa aliyeanguka tayari?

Sisi tuliokulia kwenye mabenchi ya kibanda umiza tunaijua raha ya kucheka bega kwa bega. Siku hizi vichekesho vimekuwa vifupi zaidi, viko kwenye simu, na kila mtu amevaa spika zake za masikioni. Bwenini watu wanne wanacheka vitu vinne tofauti. Ufupi umebaki, jirani ametoweka. Na asipokuwepo jirani, hakuna wa kukuuliza, "Wewe, hapo unamcheka nani?"

Pendekezo langu ni dogo: projekta moja, ukuta mweupe, Ijumaa moja jioni. The Immigrant haifiki hata nusu saa, na hakimiliki yake Marekani imekwisha. Tuitazame, tucheke, halafu tubishane lile teke lilimpata nani.