Adabu ya Bia Katika Dhifa za Tuzo za Michezo



Msimu wa ligi unapomalizika, vilabu vya mpira wa miguu, netiboli na riadha katika miji kama Busia, Malaba na Tororo huandaa dhifa za kuwatuza wachezaji bora. Ni jambo jema. Kijana hupata heshima mbele ya wazazi wake, na Waganda na Wakenya waliokuwa wakishindana uwanjani huketi meza moja. Hata hivyo, dhifa ina utaratibu wake, na bia inapowekwa mezani utaratibu huo huhitaji kufahamika vizuri zaidi. Katika somo hili tutaeleza adabu za meza, kipimo cha bia na safari ya kurudi nyumbani. Kwa mtazamo wetu, dhifa haimaliziki taa za ukumbi zinapozimwa. Humalizika mgeni wa mwisho anapofika kwake salama.

Adabu si jambo geni kwetu

Wapo wanaodhani kwamba adabu za meza ni desturi ya kigeni iliyoletwa pamoja na uma na kisu. Tutazame chungu cha ajono cha Wateso, ambao nyumbani kwao ni Uganda na Kenya pia. Wanywaji hukizunguka chungu kimoja cha pombe ya ulezi iliyotiwa maji ya moto, kila mmoja na mrija wake mrefu. Pamoja na ukunjufu huo, hakuna ajifanyiaye apendavyo. Mrija hushikwa kwa mkono wa kulia, na kupuliza mapovu ndani ya chungu ni utovu wa adabu. Chungu ni cha wote, hivyo kosa la mmoja huwaharibia wote.

Aliyelelewa na desturi hiyo tayari anaujua msingi wa adabu za dhifa. Vyombo vimebadilika, lakini kanuni ni ile ile: mnywaji huwafikiria kwanza wale walioketi pamoja naye.

Mwenendo wa mezani

Mgeni afike kwa wakati, aketi alipoelekezwa, na asianze kula wala kunywa kabla ya sala au neno la ufunguzi. Kitambaa cha meza huwekwa mapajani, si shingoni. Kisu hushikwa kwa mkono wa kulia na uma kwa mkono wa kushoto. Glasi za mgeni ni zile zilizo upande wake wa kulia, na kisahani cha mkate ni kile cha kushoto. Anayelijua hilo hatanywa kwenye glasi ya jirani yake.

Bia katika dhifa humiminwa kwenye glasi, polepole, glasi ikiwa imeinamishwa kidogo ili povu lisifurike. Si vema kufungua chupa kwa meno mbele ya meza kuu, wala kupanga chupa tupu mbele yako kana kwamba nazo ni tuzo.

Wimbo wa taifa unapopigwa, na vivyo hivyo wimbo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, glasi huwekwa chini na watu wote husimama wima. Mgeni rasmi anapohutubia, mazungumzo hukoma. Mshindi anapoitwa jukwaani, aende mikono mitupu, atoe shukrani kwa maneno machache, kisha arudi mahali pake. Kombe nalo ni kumbukumbu ya timu nzima. Kulijaza bia na kulipitisha mdomo kwa mdomo ni kulishusha hadhi.

Mshereheshaji anapowaalika wageni wanyanyue glasi kwa heshima ya mshindi, si lazima glasi iwe na bia. Maji, soda au sharubati hutimiza heshima ile ile. Katika meza zetu hukaa Waislamu, walokole, wanaotumia dawa, madereva, na wachezaji walio mazoezini. Kumshurutisha mtu anywe, au kumdhihaki kwa kukataa, ni ufidhuli. Mtu akishasema hanywi, asiulizwe sababu.

Mdhamini hadai ulevi

Viwanda vya bia vina uhusiano wa muda mrefu na michezo. Kwa miaka mingi tuzo za Chama cha Waandishi wa Habari za Michezo Uganda, USPA, zilidhaminiwa na Nile Special, bia itengenezwayo karibu na Jinja. Kwa hiyo si ajabu kukuta nembo ya bia ukutani na chupa za bure mezani. Lakini kinywaji cha bure hakimwachi mnywaji bila dhima. Mdhamini amelipia tangazo. Yatakayotokea baada ya chupa ya nne hayalipii yeye.

Aidha, katika Uganda na Kenya sheria hairuhusu kumwuzia pombe mtu ambaye hajatimiza umri wa miaka 18. Dhifa nyingi huwahusu wachezaji chipukizi walio chini ya umri huo. Bao la ushindi halimwongezei mtoto miaka. Waandaaji wawatengee chipukizi meza yao pamoja na kocha au mzazi asiyekunywa usiku huo.

Tunasisitiza pia usalama wa wachezaji wa kike na wa kila mgeni. Chupa ifunguliwe mbele ya macho ya mnywaji. Glasi iliyoachwa bila mwangalizi isinywewe tena. Na ifahamike wazi kwamba kumnunulia mtu kinywaji si kununua ridhaa yake.

Kipimo na saa

Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za kilevi halisi. Ini la mtu mzima, kwa wastani, huondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa. Hivyo chupa moja huhitaji saa mbili au karibu tatu. Aliyeanza kunywa saa mbili usiku na kumaliza chupa tatu anaweza kuwa bado ana kilevi mwilini saa kumi na nusu alfajiri. Kahawa humfanya awe macho, lakini haimwondolei kilevi. Maji baridi ya kuoga nayo hayamwondolei. Chakula hupunguza kasi ya kilevi kuingia katika damu, ndiyo sababu ni busara kula kwanza. Kinachoondoa kilevi ni muda pekee.

Uganda, kiwango cha juu cha kawaida kwa dereva ni miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Kenya, kipimo cha pumzi ni mikrogramu 35 katika mililita 100. Kitaalamu viwango hivyo viwili vinakaribiana sana. Asiwepo basi wa kudhani kwamba akivuka upande wa pili atapata nafuu. Na kiwango hicho si kibali cha kunywa hadi hapo, kwani macho na mikono huanza kupungukiwa uwezo kabla ya kukifikia. Dereva asinywe kabisa.

Safari ya kurudi

Barabara zetu za mpakani hupitiwa usiku na malori ya mafuta na ya shehena, na mengine huegeshwa pembezoni pasipo mwanga. Mwendesha bodaboda aliyelewa, akiwa na mshindi na kombe nyuma yake, hana nafasi ya kukosea mara mbili. Kuna pia wageni ambao, wakiwa wamelewa, huamua kukatiza njia za panya ili wafupishe safari. Huko hukutana na wanyang'anyi, hutumbukia katika mito, au hushukiwa kuwa wafanya magendo. Mgeni atokaye ng'ambo avuke kwenye kituo halali akiwa na hati zake, na ikiwezekana wavuke kwa kundi.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji naye ana deni kwa mgeni. Tunawashauri waandaaji wakodi gari la pamoja, wateue madereva wasiokunywa, wasitishe utoaji wa bia saa moja kabla ya kufunga, na waarifu kituo cha polisi kilicho karibu siku chache kabla. Tukiarifiwa mapema, tunaweza kupanga doria katika njia watakayopita wageni. Penye dharura, namba 999 hutumika Uganda na Kenya.

Maswali ya kujadili klabuni

1. Ni desturi zipi za unywaji za wazee wetu zinazofaa kutumika katika dhifa?
2. Katika klabu yetu, nani atawajibika kuhakikisha kila mchezaji amefika nyumbani?
3. Tutamzuiaje kwa heshima mgeni mashuhuri aliyelewa asishike usukani?

Swali la tatu ndilo gumu, kwa kuwa wengi wetu huona haya kumzuia mkubwa. Lijadiliwe na kupatiwa jibu kabla ya siku ya dhifa, na jina la atakayeomba funguo za gari liandikwe katika ratiba. Muungwana ni vitendo, na kumwomba mwenzako funguo kwa sauti ya upole ni kitendo cha uungwana.