Kompyuta Zilizomo Nyumbani Mwako: Anza kwa Kuzihesabu

Mwaka 2024 wateja wa LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, nchini Tanzania walikutana na jambo geni. Mtu akinunua umeme, aliletewa makundi matatu ya tarakimu 20, ayaingize kwa mfuatano. Sababu ni kwamba mfumo wa tokeni hizo ulikuwa ukihesabu dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993, na hesabu hiyo ilikuwa inafika ukomo tarehe 24 Novemba 2024. Wengi ndipo walipotambua kwamba mita, kile kisanduku cha ukutani, ni kompyuta.

Mark Weiser, mtafiti wa Xerox PARC huko California, aliandika mwaka 1991 kwamba kompyuta zitaingia katika vitu vya kawaida hadi tusizione tena. Tumeshafika huko, na usichokiona huwezi kukilinda. Basi chukua karatasi, pita chumba kwa chumba, uandike kila kinachotumia intaneti: televisheni janja, kamera, spika, saa, taa. Kisha badilisha nywila ya Wi-Fi. Vyote vinavyotumia Wi-Fi vitakatika, virudishe kimoja kimoja. Kisichorudishwa na mtu hakikuwa na haja ya kuwamo.

Kamera ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na rauta nyingi duniani kwa kujaribu tu majina na nywila za kiwandani, zisizozidi sabini. Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumiwa katika shambulio lililofanya Twitter na Netflix zisipatikane kwa watu wengi Marekani. Kwa hiyo fundi akija kufunga kamera, simama naye mpaka amalize. Akaunti ifunguliwe kwa namba yako au barua pepe yako, na nywila uandike wewe mwenyewe. Mimi nilimwachia fundi kazi hiyo, na kwa miezi kadhaa picha za uani kwangu zilikuwa zinafika kwenye simu yake pia. Hakuwa na nia mbaya, lakini wanangu ndio waliokuwa wakicheza pale. Na chumbani usiweke kamera kabisa.

Kabla ya kununua kifaa, muulize muuzaji maswali mawili: kitapata masasisho hadi lini, na bando likiisha kitafanya kazi? Uingereza, tangu Aprili 2024, sheria inamtaka mtengenezaji atangaze muda wa masasisho, hivyo swali lako si la ajabu. Taa yenye swichi ukutani itawaka hata intaneti ikikatika. Kufuli linalofunguka kwa intaneti pekee litakuacha nje.

Ukiuza au kugawa kifaa, kirudishe kwanza katika hali ya kiwandani.

Usiku huu anza na rauta. Igeuze utazame chini yake: mara nyingi ile nywila ya kwanza ya Wi-Fi imebandikwa pale, na kila mgeni aliyewahi kuigeuza ameshaisoma.