Ufahamu na Ufupisho: Mimea Inayohifadhi Maji na Msimu wa Baridi

Mtahiniwa mpendwa, katika swali la ufahamu majibu yako yamo mbele yako, katika karatasi. Hata hivyo, watahiniwa wengi hupoteza alama hapa kwa sababu hujibu kutokana na mazoea ya nyumbani badala ya kujibu kutokana na kifungu. Kifungu cha sura hii kimewekwa makusudi ili kukupima katika jambo hilo. Sote tumezoea kwamba mmea ukisinyaa hupewa maji. Kifungu kinasema vingine. Soma ili ujue kinasema nini, na kwa nini.

Baada ya sura hii uweze:
(a) kueleza maana ya maneno kama yalivyotumika katika kifungu;
(b) kujibu maswali ya kwa nini kwa kutoa sababu kamili;
(c) kufupisha habari bila kupoteza wazo kuu.

A. KIFUNGU

Soma kifungu kifuatacho kwa makini, kisha pitia maswali na majibu yanayofuata.

[1] Tanzania ina Magamba zaidi ya moja. Ipo Magamba ya Mpanda, mkoani Katavi, ambako mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili na miezi inayofuata huwa mikavu. Ipo pia Magamba ya Lushoto, katika Milima ya Usambara Magharibi, mahali penye msitu, ukungu na baridi. Mshubiri uliopandwa Mpanda hupita salama usiku wa baridi wa Juni na Julai. Mshubiri huohuo ukipandwa Lushoto bila uangalizi huweza kuoza katika miezi hiyohiyo. Wengi husema umeuawa na baridi. Kweli baridi imo, lakini haikufanya kazi hiyo peke yake.

[2] Mshubiri, mkonge, mnyaa na dungusi kakati ni mimea inayohifadhi maji katika majani au mashina. Mingi kati yake hufungua vitundu vyake vya hewa usiku na kuvifunga mchana, ili jua lisinyonye akiba hiyo. Uwezo wake wa kuvumilia kiu ni mkubwa. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliagiza vichipukizi 1,000 vya mkonge kutoka Florida, Marekani. Safari ilikuwa ndefu, na ni 62 tu vilivyonusurika. Kutokana na vichache hivyo, kilimo cha mkonge kilianza katika nchi ambayo leo ni Tanzania.

[3] Akiba ya maji ni nguvu ya mmea wakati wa kiangazi, lakini ni udhaifu wake wakati wa baridi kali. Maji yakiganda hutanuka, na barafu huharibu seli za mmea. Mimea iliyozoea baridi hujihami mapema kwa kupunguza maji yaliyomo ndani yake. Majani au mashina husinyaa, na utomvu unaobaki huwa mzito kwa sukari, hivyo hauwahi kuganda. Ndivyo aina fulani za dungusi kakati zinavyoishi hata Kanada, chini ya theluji. Mkulima anayeona mmea umesinyaa msimu huo akakimbilia ndoo ya maji, anaubomolea kinga yake. Isitoshe, mizizi iliyopoa hunywa maji kidogo sana. Udongo ukibaki umelowa, kuvu huingia na shina huoza kuanzia chini.

[4] Anayetaka kupanda mimea hiyo mahali penye baridi aanze na udongo. Achanganye sehemu mbili za mchanga wa chembe kubwa au kokoto ndogo na sehemu moja ya udongo wa kawaida, kisha ainue tuta ili maji ya mvua yasituame. Akitumia ndoo au sufuria kuukuu, aitoboe chini. Kipande kilichokatwa kisipandwe siku hiyohiyo. Kiwekwe kivulini siku kadhaa hadi penye jeraha pafanye kovu, kwa kuwa jeraha bichi ni mlango wa kuvu. Wakati wa joto, mmea umwagiliwe vizuri, kisha usipewe maji tena mpaka udongo ukauke. Baridi inapokaribia, maji yapunguzwe na samadi isiwekwe, kwa sababu majani machanga na laini ndiyo ya kwanza kuungua kwa baridi.

[5] Ziko sehemu, kama Kitulo na Makete mkoani Njombe, ambako usiku wa Juni na Julai jalidi hutanda juu ya nyasi. Huko mkulima achague mteremko badala ya bonde, kwa sababu hewa baridi ni nzito na hutelemkia bondeni. Ukuta wa mawe au tofali unaopigwa na jua pia husaidia, kwani hutunza joto la mchana na kulitoa usiku. Jioni afunike mimea kwa gunia, na asubuhi aliondoe ili jua likaushe majani. Mshubiri unaopandwa sana majumbani kwa ajili ya dawa asili yake ni Uarabuni, nao hauvumilii jalidi. Huo apande kwenye chombo ili usiku wa baridi kali auingize ndani.

B. MASWALI NA MAJIBU YA MFANO

1. Andika kichwa cha habari kinachofaa kwa kifungu ulichosoma.

Jibu: Hatari ya Maji Wakati wa Baridi.

Zingatia: Kichwa kiwe kifupi na kibebe wazo kuu. "Mkonge" ni finyu mno, kwa sababu umetajwa katika aya moja tu. "Kilimo Tanzania" ni pana mno. Njia rahisi ya kupima kichwa chako ni kuuliza: je, kila aya inakihusu?

2. Eleza maana ya maneno yafuatayo kama yalivyotumika katika kifungu: (i) ukungu (ii) kovu (iii) jalidi.

Jibu:
(i) Ukungu: hewa nzito yenye unyevunyevu inayotanda kama moshi mwembamba na kuzuia kuona mbali.
(ii) Kovu: ngozi ngumu na kavu inayofunga mahali mmea ulipokatwa.
(iii) Jalidi: umande ulioganda kwa sababu ya baridi kali.

Zingatia: Maneno "kama yalivyotumika" ndiyo roho ya swali hili. Ukungu pia huweza kuwa uchafu unaoota juu ya mkate uliolala, na kovu pia ni alama ya kidonda kwenye ngozi ya mtu. Maana hizo ni sahihi katika kamusi, lakini si sahihi hapa. Kabla ya kuandika, weka maana yako katika sentensi ya kifungu. Ikiwa sentensi haieleweki, badilisha maana.

3. Kwa nini mshubiri hupita salama Juni na Julai Mpanda, lakini huweza kuoza katika miezi hiyohiyo Lushoto?

Jibu pungufu: Kwa sababu Lushoto kuna baridi.

Jibu kamili: Kwa sababu Mpanda usiku wa baridi huja katika miezi mikavu, hivyo udongo hauna maji ya kuozesha mizizi. Lushoto baridi huambatana na ukungu na unyevu. Mizizi iliyopoa hunywa maji kidogo sana, udongo hubaki umelowa, na kuvu huingia.

Zingatia: Jibu pungufu si uongo, ila ni nusu ya ukweli, na kifungu chenyewe kimekuonya mwishoni mwa aya ya kwanza kwamba baridi haikufanya kazi peke yake. Aya ya kwanza haikutoa sababu. Imeuliza, na aya ya tatu ndiyo iliyojibu. Mara nyingi jibu la swali la kwa nini halipo kwenye aya ileile iliyozua swali. Angalia pia usichanganye Magamba mbili. Mtahiniwa aliyesoma harakaharaka ataandika kwamba Magamba ni mahali penye msitu na ukungu, akasahau kwamba hiyo ni ya Lushoto.

4. "Anaubomolea kinga yake." Mwandishi ana maana gani?

Jibu: Mmea unaposinyaa kabla ya baridi kali unajilinda, kwa sababu ukiwa na maji machache na utomvu wenye sukari nyingi hauwahi kuganda. Mkulima anayeumwagilia wakati huo anaurudishia maji na kuuondolea ulinzi huo.

Zingatia: Hili ni swali la kufafanua, si la kunakili. Anayerudia sentensi ya kifungu neno kwa neno haonyeshi kwamba ameelewa. Eleza kwa maneno yako mambo mawili: kinga ni nini, na inabomolewaje.

5. Unapata funzo gani kutokana na kifungu hiki?

Jibu: Kitu chenye manufaa wakati mmoja huweza kuleta madhara wakati mwingine, hivyo ni vema kujua hali na msimu kabla ya kutoa msaada.

Zingatia: Funzo ni kauli inayoweza kutumika hata nje ya bustani. "Tumwagilie mimea kidogo" ni agizo la aya ya nne, bado si funzo la kifungu kizima.

C. UFUPISHO

Swali: Fupisha aya ya nne na ya tano kwa maneno yasiyopungua 40 na yasiyozidi 50.

Hatua za kufuata:
(i) Soma aya hizo tena, uorodheshe mambo makuu tu. Hapa ni udongo, kukausha kipande, maji na samadi, mahali pa kupanda, kufunika, na chombo.
(ii) Acha mifano, majina ya mahali na sababu. Kitulo, sufuria kuukuu na uzito wa hewa baridi havina nafasi katika ufupisho huu.
(iii) Unganisha mambo hayo kwa sentensi zako.
(iv) Hesabu maneno, kisha andika idadi yake mwishoni.

Ufupisho wa mfano:
Anayepanda mimea inayohifadhi maji mahali penye baridi atumie udongo unaopitisha maji haraka, akaushe kipande kabla ya kukipanda, na apunguze umwagiliaji na asiweke samadi baridi inapokaribia. Penye jalidi, apande kwenye mteremko au karibu na ukuta, afunike mimea kwa gunia usiku, na mshubiri wa dawa aukuze kwenye chombo kinachoingizwa ndani. (Maneno 48)

D. ZOEZI LA KUJIPIMA

Jibu maswali haya bila kutazama majibu ya mfano.

1. Taja njia mbili zinazotumiwa na mimea hii kujilinda: moja dhidi ya ukame, nyingine dhidi ya baridi.
2. Mfano wa vichipukizi vya mkonge vya mwaka 1893 unathibitisha hoja gani ya mwandishi?
3. Mwanafunzi wa Magamba, Mpanda, amechaguliwa kujiunga na kidato cha tano huko Makete. Amebeba kipande cha mshubiri kutoka nyumbani, naye anawasili Julai. Kwa kutumia kifungu, mshauri mambo manne.
4. Fupisha aya ya tatu kwa maneno yasiyozidi 35.

Katika swali la tatu, kila ushauri utakaoutoa uwe na aya unayoweza kuionyesha kwa kidole. Ushauri usiokuwa na aya, hata kama bibi yako ameutumia miaka yote na ukafaa, hautakupa alama.