SUKARI IKIZIDI, DAMU HUGANDA OVYO

Wewe mkulima wa Nachingwea au Ruangwa umeona damu ikiganda. Unapalilia mikorosho, panga linakukata. Damu hutoka, kisha huganda na kuziba jeraha. Kuganda huko ni kuzuri. Bila hivyo damu ingetoka mpaka mtu afe.

Lakini damu ikiganda ndani ya mshipa, pasipo jeraha, ni hatari. Mwenye kisukari yumo katika hatari hiyo zaidi ya wengine.

Damu hugandaje?

Ndani ya damu mna chembe ndogo sana ziitwazo chembe sahani. Mshipa ukikatika, chembe hizi hukimbilia pale na kushikamana. Halafu kitu kiitwacho fibrinojeni hugeuka nyuzi. Nyuzi hizo huzikamata chembe kama wavu unavyokamata samaki. Jeraha likipona, mwili huuyeyusha wavu huo.

Sukari hufanya nini?

Sukari ikikaa juu muda mrefu, chembe sahani hunatana upesi. Fibrinojeni huongezeka. Bonge la damu nalo huchelewa kuyeyuka. Tena kuta za mishipa huharibika. Bonge likiziba mshipa wa ubongo, mtu hupata kiharusi. Likiziba mshipa wa moyo, huweza kumwua. Damu isipofika mguuni vizuri, kidonda hakiponi. Mwisho mguu hukatwa. Je, mkulima asiye na mguu atalimaje?

Kipimo kisichodanganyika

Hospitali kubwa huweza kupima fibrinojeni. Lakini jambo la kwanza ni kujua sukari yako. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula huonyesha sukari ya saa ile tu. Kipo kingine cha kuonyesha miezi mitatu. Sukari hunata kwenye chembe nyekundu za damu, nazo huishi siku 120 hivi. Ukiacha soda siku mbili tu kabla ya kliniki, kipimo hiki kitakuumbua! Wagonjwa wengi hushauriwa wawe chini ya asilimia 7.

Usiseme kisukari ni ugonjwa wa mjini. Miaka ya 1980 walipimwa watu wa vijiji sita vya Kilimanjaro, Morogoro na Mara. Kati ya watu wazima 100, hakufika hata mmoja mwenye kisukari. Uchunguzi wa nchi wa mwaka 2012 ulikuta wapatao 9 kati ya 100, wenye umri wa miaka 25 hadi 64.

Tufanye nini?

1. Pima sukari na shinikizo la damu.
2. Usikatize dawa bila kumwuliza mganga.
3. Fedha za korosho zisiishie kwenye soda na pombe.
4. Acha sigara.
5. Vaa viatu shambani. Kagua nyayo kila jioni.
6. Usijianzishie aspirini. Hupunguza kuganda kwa damu, lakini huweza kutokeza damu tumboni.
7. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au kifua kikibana, wahi hospitali saa ile ile.

Maswali ya kujadiliana

1. Kuganda kwa damu ni kuzuri lini, na ni kubaya lini?
2. Kwa nini kipimo cha miezi mitatu hakidanganyiki?
3. Nani kijijini kwenu ana kidonda cha mguu kisichopona? Mtamsaidiaje afike zahanati?