SOMO: KOMPYUTA YA MBALI, UFUNGUO WETU

Siku hizi kikundi cha akiba hapa Airport, Changamwe, chaweza kuweka hesabu zake "winguni". Wingu hili haliko angani. Ni kompyuta za kukodi zilizo mbali, tunazozifikia kwa nyaya za baharini, kama ule wa TEAMS uliofika Mombasa kutoka Fujairah mwaka 2009.

Kompyuta hizo huendeshwa na mfumo. Mmojawapo ni Debian, ulioanzishwa mwaka 1993. Unatunzwa na watu wanaojitolea, unatolewa bure, na yeyote anaruhusiwa kuuchunguza na kuurekebisha. Baadhi yao hutayarisha nakala maalum za wingu.

Kwa nini maalum? Nakala moja huwashwa na watu wengi mno. Ingekuwa na neno la siri ndani yake, anayelijua angewaingilia wote! Kwa hiyo hutolewa bila neno la siri. Kila mkodishwaji huweka ufunguo wake anapoiwasha mara ya kwanza.

Tujadiliane kikundini:
1. Ufunguo wetu anautunza nani? Na akihama je?
2. Nani anahakikisha marekebisho ya usalama yanaingizwa?
3. Nakala nyingine ya hesabu iko wapi?

Wenzetu wametujengea nyumba bure. Kufunga mlango ni juu yetu.