Usiliulize Sikio: Gita la Umeme, Hedifoni na Usalama wa Kusikia

Gita la umeme limeshakuwa jambo la kawaida hosteli. Wengi wetu tumelijulia kwaya, wengine wamenunua la mtumba bumu lilipotoka. Tatizo ni muda wa mazoezi. Mchana kuna vipindi, usiku ukiwasha spika rumeti analalamika na jirani anagonga ukuta. Kwa hiyo unachomeka hedifoni, wenzako wanalala, wewe unaendelea na solo lako hadi saa sita. Kila mtu chumbani amepata amani, isipokuwa masikio yako.

Somo hili nimeamua kulitazama kutokea Buigiri, wilayani Chamwino, barabara ya kutoka Dodoma kwenda Morogoro. Pale ipo shule ya msingi ya wasioona, iliyoanzishwa na Kanisa Anglikana mwaka 1950. Kwa mtoto asiyeona, sikio ndilo linalomwambia mwalimu amesimama wapi, pikipiki inatokea upande gani, na nani ameingia darasani bila kubisha hodi. Muziki hauhitaji macho, na siku akilipenda gita, hedifoni zitamfikia kama zilivyotufikia sisi. Tofauti ni kwamba yeye akipoteza usikivu, hana macho ya kumsaidia kusoma midomo. Tukijua kumlinda yeye, na sisi tutakuwa tumejilinda.

Kinachoharibika ni nini?

Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kilichojikunja kama konokono. Humo mna seli ndogo zenye vinyweleo, kama 15,000 hivi kwa kila sikio, zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa ujumbe wa kwenda kwenye ubongo. Sauti kubwa huzichosha, na ikizidi huziua. Kuku akipoteza seli hizi zinaota upya. Binadamu zake haziotI tena, na hakuna dawa ya kuzirudisha.

Zinazotangulia kufa mara nyingi ni zile za sauti nyembamba, za mitikisiko kati ya 3,000 na 6,000 hivi kwa sekunde. Hapo ndipo mpiga gita anapodanganyika. Uzi mnene wa gita ukiwa wazi hutikisika kama mara 82 kwa sekunde, na uzi mwembamba kama mara 330. Kwa hiyo unaweza kuendelea kutuni gita lako vizuri kabisa huku umeshaanza kupoteza herufi. Sauti za *s*, *f*, *th* na *sh* ni nyembamba na dhaifu. Mwalimu akisema "thamani" unasikia "samani". Akisema "fika" hujui kama ni "pika" au "shika". Kwa mtoto wa Buigiri anayeandika imla kwa nukta nundu, hilo si jambo dogo. Ataonekana hajui kuandika, kumbe hasikii.

Gita halina breki

Ugogo ni nchi ya zeze na ilimba. Ala hizo zina mpaka wa asili, kwani nguvu ya mkono wako ikiisha, na sauti imeishia hapo. Gita la umeme limeuondoa mpaka huo, maana kidole kile kile, ukizungusha kitufe kidogo tu, kinatoa sauti mara nyingi zaidi.

Wengine wanasema, mbona nasikiliza muziki kwenye simu kila siku na sijapata shida? Wimbo wa kwenye simu umeshasawazishwa studio, sehemu za chini zimepandishwa na za juu zimebanwa. Simu nyingi pia hukupa onyo sauti ikizidi. Gita linatoka bichi. Unapiga taratibu kwa ncha ya kidole, ghafla unapiga nyuzi zote kwa nguvu, au unakanyaga pedali ya distoshoni, na sauti inaruka kabla hujagusa kitufe. Amplifaya ndogo ya mezani haikupi onyo lolote.

Mfano mzuri ni Pete Townshend, mpiga gita wa bendi ya The Who ya Uingereza. Onyesho lao la London la tarehe 31 Mei 1976 liliingia kitabu cha rekodi cha Guinness kwa kelele: desibeli 126 zilizopimwa mita 32 kutoka kwenye spika. Ungedhani majukwaa kama yale ndiyo yaliyommaliza. Mwenyewe alikuja kusema kwamba lawama kubwa anazipa hedifoni alizokuwa akivaa studio.

Hesabu ya muda

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa watoto ni desibeli 75 kwa saa hizo hizo. Maongezi ya kawaida ni kama 60. Kila ukiongeza desibeli 3, muda salama unakatika nusu:

- desibeli 83: saa 20 kwa wiki
- desibeli 86: saa 10
- desibeli 89: saa 5
- desibeli 92: saa 2 na nusu
- desibeli 95: saa 1 na robo
- desibeli 98: dakika kama 38

Sasa chukua mtu anayefanya mazoezi saa 2 kila usiku. Hizo ni saa 14 kwa wiki, kwa hiyo hatakiwi kuvuka desibeli 84 hivi. Akipiga kwa 95, mgawo wa wiki nzima unaisha kabla hata mazoezi ya Jumatatu hayajakwisha. Na hedifoni nyingi zinaweza kuvuka 100.

Shida ni kwamba sikio lenyewe halitakuambia. Likikaa kwenye kelele linachoka na kuzoea, ile sauti iliyokuwa kubwa saa mbili usiku inaonekana ndogo saa nne, nawe unaongeza. Ndiyo maana nasema usiliulize sikio. Amua mapema, kisha ufuate ulichoamua.

Hatua za kufuata

1. Hedifoni ziwe za mwisho kuvaliwa. Chomeka waya wa gita, washa amplifaya, shusha sauti hadi sifuri, ndipo uvae na kupandisha polepole. Ule mlio wa "pwaa!" waya unapochomekwa usikukute umevaa.

2. Tumia tundu la hedifoni tu. Tundu la kupelekea spika kwenye amplifaya ni la nguvu nyingine kabisa. Linaweza kuunguza hedifoni na kuumiza masikio kwa mara moja.

3. Pima kwa pigo lako kubwa. Kanyaga pedali yenye kelele kuliko zote, piga nyuzi zote kwa nguvu, na hapo ndipo uweke kiwango. Ukipima kwa pigo dogo, umejitegea mwenyewe.

4. Jaribu kwa mtu. Mwenzako akisimama umbali wa mkono na kukuita kwa sauti ya kawaida, umsikie. Akilazimika kupaza sauti, punguza.

5. Weka alama kwenye kitufe. Tone la gundi kavu linatosha. Kidole kinalisikia hata gizani, na kwa asiyeona hiyo ndiyo alama yenyewe. Ukishaiweka usiivuke.

6. Ukipiga pamoja na wimbo na gita halisikiki, shusha wimbo, usipandishe gita. Ukianza kupandisha hiki kisha kile, hutamaliza.

7. Hosteli ikiwa na kelele, tumia hedifoni zinazofunika sikio lote. Zinazuia kelele za nje, kwa hiyo huna sababu ya kuongeza.

8. Weka kengele kwenye simu. Kila dakika 45, vua kwa dakika 15. Mazoezi ya vidole unaweza kuyafanya bila kuchomeka chochote, nyuzi zinasikika vya kutosha.

Dalili za kuangalia

Ukivua hedifoni ukasikia mlio wa "ziii" usiokuwepo, au sauti za watu zikawa kama zinatoka ndani ya mtungi, sikio limezidiwa. Lipumzishe hadi hali hiyo iishe, na ukirudi punguza kiwango. Usijifariji kwamba kesho yake palikuwa shwari, kwa sababu uchovu wa kujirudia ndio unaozaa uharibifu wa kudumu. Sikio moja likiziba ghafla, au mlio ukiendelea kwa siku kadhaa, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. La ghafla ni la siku hiyo hiyo, lisisubiri mitihani iishe.

Kwa walimu watarajiwa

Shule nyingi tutakazopangiwa hazina kipimo cha usikivu. Kipimo cha kwanza ni wewe. Simama nyuma ya mwanafunzi, sema kwa sauti ya kawaida "saa" na "faa", "pika", "fika" na "shika", umwombe arudie. Anayekosea mara kwa mara usimwite mzembe. Mweleze mzazi, apelekwe kupimwa. Na ikitokea umeanzisha kikundi cha muziki shuleni, kanuni ya kushusha kitufe hadi sifuri ifundishwe siku ya kwanza, kabla ya kodi ya kwanza ya gita.