"Mimi ni Mzima, Hofu ni Kwako": Kuisoma Upya Barua ya Askari wa Burma kwa Mkewe

1.0 Utangulizi

Tangu shule ya msingi, mwanafunzi wa Kiswahili nchini Kenya hufunzwa aina mbili za barua: barua ya kirafiki na barua rasmi. Hufunzwa anwani ikae wapi, tarehe ikae wapi na tamko la kumalizia liandikweje. Akikosea mahali pa anwani, hupoteza alama. Hata anapofika chuo kikuu, barua huendelea kumjia kama umbo la kujazwa, wala si kama matini ya kuhakikiwa. Ni nadra aulizwe swali la msingi: je, barua hii ilipitia mikono ya nani kabla ya kumfikia aliyeandikiwa?

Makala haya yanalishughulikia swali hilo kwa kuangalia barua ya aina moja tu, nayo ni barua ya askari wa Afrika Mashariki aliyekuwa katika misitu ya Burma (leo Myanmar) wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akimwandikia mkewe nyumbani. Hoja yetu ni kwamba barua hiyo haikuwa siri ya watu wawili. Kila neno lilitamkwa mbele ya watu wengine. Kwa sababu hiyo, mapenzi, hofu na msiba vilijisitiri ndani ya mambo ya kawaida kama vile salamu, mvua, mifugo na fedha. Mhakiki asiyelitambua jambo hili ataiona barua hiyo kuwa kavu, ilhali imejaa.

2.0 Usuli wa Kihistoria

Kati ya 1939 na 1945, zaidi ya watu 300,000 kutoka Afrika Mashariki waliingizwa katika majeshi ya Uingereza, wengine kwa hiari na wengine kwa kulazimishwa. Wengi walikuwa katika jeshi la KAR, ambalo wananchi waliliita Keya, na wengine wakawa madereva, wapagazi, wapishi na wauguzi. Baada ya kupigana na Waitalia katika nchi za Somalia na Ethiopia, vikosi vingi vilivushwa bahari hadi Ceylon (leo Sri Lanka), na kutoka huko vikapelekwa India na Burma.

Safari yenyewe ilikuwa ya hatari. Tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa kuelekea Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldives. Watu wapatao 1,300 walikufa, miongoni mwao askari wengi wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki.

Waliofika salama walikutana na adui wa aina mbili. Wa kwanza alikuwa Mjapani, na wa pili mazingira yenyewe. Katika nusu ya pili ya mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka katika bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa za monsuni. Barabara ziligeuka tope, magari yakakwama na malaria ikawaangusha wengi. Mnamo Desemba mwaka huo, askari hao waliuteka mji wa Kalewa na kuvuka mto Chindwin.

Huko nyumbani nako hakukuwa shwari. Mwaka 1943 njaa kali iliikumba sehemu kubwa ya Kenya. Wakikuyu waliiita Ng'aragu ya Mianga, yaani njaa ya mihogo. Basi askari aliyeuliza habari za nyumbani hakuuliza kwa kutimiza ada tu. Aliuliza iwapo wanawe walikuwa hai.

3.0 Barua na Mikono Minne

Askari wengi walijiunga na jeshi bila kujua kusoma na kuandika. Jeshi lilianzisha masomo kwa ajili yao, na baadhi yao walijifunza huko huko kambini, lakini wengi waliendelea kumtegemea karani au mwenzao aliyepitia shule ya misheni. Huyo ndiye mkono wa kwanza: mwandishi.

Mkono wa pili ulikuwa wa mkaguzi. Katika vita vile, askari hakuruhusiwa kutaja mahali alipo, kikosi chake kinakoelekea, wala hasara iliyopatikana. Barua zilifunguliwa na kusomwa. Neno lililokatazwa lilikatwa au kufutwa. Zaidi ya hayo, wakaguzi walitumia barua hizo kupima mawazo ya askari na kuwaandikia wakubwa wao taarifa.

Mkono wa tatu ulikuwa wa msomaji kijijini. Mke wa askari, aghalabu, hakuwa amesoma. Alilazimika kuipeleka barua kwa mwalimu, kwa katekista au kwa mtoto wa jirani aliyekuwa shuleni, akasomewa kwa sauti, pengine mbele ya mama mkwe na majirani. Mkono wa nne ulikuwa wake yeye mwenyewe. Aliipokea karatasi, akaikunja na kuiweka mahali pema, ingawa hakuweza kuisoma peke yake.

4.0 Barua ya Kielelezo

Barua halisi za aina hii ni mali ya familia na zina majina ya watu. Kwa hiyo tumetunga kielelezo chetu wenyewe kwa kufuata kaida za uandishi wa wakati ule. Si nakala ya barua ya mtu yeyote. Tuchukulie kwamba mwandishi ni askari kutoka Ukambani, na mwaka ni 1944.

Kwa Mama Mutua,

Salamu nyingi sana kama mchanga wa bahari. Baada ya salamu, nakujulisha kwamba mimi ni mzima, hofu ni kwako wewe na watoto na mama. Huku mvua inanyesha usiku na mchana. Mvua hii ingenyesha kwetu, ghala lisingetosha. Nilipata homa kidogo, lakini daktari amenipa vidonge na sasa nimepona.

Fedha za kila mwezi uzichukue wewe mwenyewe pale bomani, usimtume mtu. Yule ng'ombe mwekundu asiuzwe mpaka nirudi. Rafiki yangu niliyeondoka naye siku moja, mwambie mama yake asiharakishe kungoja barua.

Mutua aende shule ajue kusoma, ili barua nyingine akusomee yeye, asikusomee mtu mwingine.

Wasalaam. Ni mimi, Baba Mutua.

5.0 Uchanganuzi

5.1 Salamu na urithi wa Pwani

Mwanafunzi wa leo huenda akaziruka salamu hizi kwa kuziona kuwa maneno ya kujaza karatasi. La hasha! Muundo wa salamu, kisha "baada ya salamu", kisha habari, kisha "wasalaam", ni urithi wa barua za Waswahili wa Pwani zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu muda mrefu kabla ya vita. Baadhi ya maandishi ya aina hiyo yalikusanywa na Carl Büttner na kuchapishwa mwaka 1892. Askari wa bara, ambaye huenda hakuiona bahari hadi siku alipopanda meli Kilindini, aliazima adabu ya Pwani ili azungumze na mkewe.

Tamko "mimi ni mzima, hofu ni kwako" linastahili kutazamwa kwa makini. Kwa kawaida, tungetarajia anayehofiwa awe yule aliye vitani. Katika tamko hili mambo yamegeuzwa. Aliye chini ya risasi anasema yeye ni mzima, na hofu anaiweka nyumbani. Tamko hili lilikuwepo kabla ya vita, lakini muktadha wa vita na wa njaa ya 1943 umelipa uzito mpya. Hapa tunajifunza kwamba tamko la mazoea halikosi maana kwa kuwa ni la mazoea. Maana yake hutegemea ni nani analisema, yuko wapi na anamwambia nani.

5.2 Mvua kama lugha ya siri

Askari haruhusiwi kusema yuko Burma. Anasema mvua inanyesha. Haruhusiwi kusema wenzake wanazama matopeni. Anasema mvua hiyo ingenyesha kwao, ghala lisingetosha. Kwa mkaguzi, hii ni habari ya hali ya hewa. Kwa mkulima wa Ukambani, ambako mvua ni uhai, sentensi hiyo inamweleza ukubwa wa mvua kwa kipimo anachokijua, na pia inamwambia kwamba mumewe, hata akiwa huko mbali, angali analifikiria shamba. Taswira hapa haikuletwa kwa ajili ya urembo. Imeletwa na haja ya kusema kwa njia iliyobaki wazi.

5.3 Kimya kinachosema

Sentensi nzito kuliko zote ni ile inayomhusu rafiki. Askari hasemi kwamba rafiki amekufa. Kifo hakiruhusiwi kutajwa, na hata kingeruhusiwa, hakifai kupashwa kwa mama mzazi kupitia barua ya mtu mwingine isomwayo na mtoto wa shule. Hivyo anasema, "asiharakishe kungoja barua." Mama Mutua ataelewa, au ataogopa kuelewa. Mzigo umehamishwa kutoka Burma hadi kijijini, na sasa ni yeye atakayeamua amwambie nini jirani yake.

Tukilinganisha barua na kumbukumbu zilizoandikwa baadaye, tofauti hujitokeza. Waruhiu Itote, aliyepigana Burma na baadaye kujulikana kama Jenerali China, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1967. Humo aliweza kueleza vita na mambo yaliyomfungua macho kisiasa. Alikuwa katika nchi huru na hakuwa na mkaguzi. Vilevile, Shaaban Robert katika Utenzi wa Vita vya Uhuru, uliochapishwa mwaka 1967 baada ya kifo chake, aliyatazama mapambano ya dunia nzima. Barua haina nafasi ya dunia nzima. Ina ukurasa mmoja, na ndani yake ng'ombe mmoja mwekundu.

5.4 Fedha, ng'ombe na cheo cha mke

Sehemu ya mshahara wa askari iliweza kutengwa na kulipwa familia yake katika ofisi ya serikali wilayani. Agizo "uzichukue wewe mwenyewe" laweza kusomwa kama amri ya mume. Hata hivyo, lina upande wa pili. Linamweka mke mbele ya karani wa boma akiwa na haki yake, na kuwaondoa ndugu na jamaa ambao wangependa kuzipokea kwa niaba yake. Yamkini ndiyo mara ya kwanza kwa mke huyo kuwa msimamizi wa mali mbele ya serikali. Mhakiki asikimbilie kusema kwamba barua inamdunisha mwanamke, wala asikimbilie kusema inamkomboa. Inafanya yote mawili kwa wakati mmoja.

5.5 Lugha ya tatu

Kwa mtazamo wa isimujamii, swali ni hili: kwa nini mume na mke Wakamba waandikiane kwa Kiswahili? Barua za lugha za mama ziliandikwa pia, lakini Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi na ya makarani wengi. Kambini penyewe kilizungumzwa kwa namna iliyoitwa KiKAR, yenye upatanisho mchache wa ngeli na ukanushaji kama "mimi hapana jua". Barua yetu haina KiKAR, kwa kuwa sarufi yake ni ya karani aliyefunzwa Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake, Kiunguja, ulikubaliwa mwaka 1928. Kwa hiyo mke anasikia maneno ya mumewe kwa lugha ambayo huenda hawakuwahi kuitumia wakiwa pamoja, kwa sarufi ya mtu mwingine, na kwa sauti ya mtu wa nne.

Ndiyo maana tamko la mwisho linauma. "Akusomee yeye, asikusomee mtu mwingine." Msomaji wa kijijini alilazimika kulisoma tamko hilo kwa sauti yake mwenyewe, na huyo "mtu mwingine" ni yeye. Hapa barua inaulalamikia utaratibu uleule unaoiwezesha kufika. Shule inaombwa kwa ajili ya cheo cha mtoto, na zaidi kwa ajili ya faragha ya wazazi wake.

6.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba barua ya askari haiwezi kuhakikiwa kwa kutazama umbo lake pekee. Ni lazima tuihesabu mikono iliyoishika. Lipo pia jambo la kusikitisha. Mengi ya maneno ya askari hao yaliyohifadhiwa katika nyaraka yamebaki kwa sababu mkaguzi aliyanukuu katika taarifa zake, aghalabu yakiwa yamefasiriwa kwa Kiingereza. Aliyeyapeleleza ndiye aliyeyatunza, na Kiswahili chake kikapotea. Majibu ya wake zao ni adimu zaidi.

Kazi iliyobaki ni yetu. Watoto waliowasomea mama zao barua hizo mwaka 1944 sasa wamekaribia au kupita umri wa miaka tisini. Mwanafunzi atakayekwenda likizo na aulize nyumbani: je, kuna barua sandukuni? Nani aliiandika? Nani aliisoma, na mbele ya nani? Aombe ruhusa ya familia, ainukuu kama ilivyo bila kuisahihisha sarufi, na asiziruke salamu. Akiba haiozi, lakini karatasi huoza, na wanaoweza kutueleza maana ya yule ng'ombe mwekundu hawatakuwa nasi kwa muda mrefu.